Unachezeka, na bado una giza

Wimbo "Enola Gay" wa bendi ya Uingereza ya Orchestral Manoeuvres in the Dark, au OMD kwa kifupi, unaanza na mashine ya ngoma inayokwenda mbio. Kisha kinanda kinaingia na melodi nyepesi ambayo hata mtoto angeipiga mluzi baada ya kuisikia mara moja. Ulitoka Septemba 1980, ukapanda hadi nafasi ya nane katika chati za Uingereza, na kwa zaidi ya miaka 40 sasa umekuwa ukipigwa kwenye madisko, harusi na matamasha ya kukumbuka ujana kote Ulaya. Ukianza tu, watu huinuka vitini.

Enola Gay ni jina la ndege ya kivita ya Marekani aina ya B-29 iliyoangusha bomu la atomiki juu ya mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi. Rubani wake, Kanali Paul Tibbets, aliipa jina la mama yake mzazi. Bomu lenyewe liliitwa Little Boy, mtoto mdogo wa kiume. Mwaka huo ulipokwisha, watu wanaokadiriwa kufikia 140,000 walikuwa wamekufa kwa mlipuko, kwa moto na kwa mionzi. Andy McCluskey, aliyeandika wimbo huo, aliyaingiza yote hayo ndani yake: saa ya tukio, mama, mtoto, na alama isiyofutika iliyoachwa asubuhi ile. Anazungumza na ndege kana kwamba ni binadamu, anaiambia kuwa ingekuwa heri ingebaki nyumbani.

Kwa msomaji wa Kiswahili, habari hii iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika mradi wao wa bomu ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga ya Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alihofia mawe hayo yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani, akasafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi kwenye ghala la Staten Island, New York. Waliochimba na kubeba walikuwa wafanyakazi wa migodi ya Katanga, ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi. Hakuna aliyewaambia mawe yale yalikuwa yanakwenda kufanya nini.

Basi hapo ndipo swali linapozaliwa. Wimbo wenye melodi ya kupiga mluzi, wenye mapigo ya kuinua watu vitini, unaweza kuitwa muziki wa giza? Wapenzi wa muziki wamelibishania hili tangu vinanda vya umeme vilipoingia kwenye chati mwishoni mwa miaka ya 1970. Wapo wanaoapa kwamba muziki wa popu wa sinthesaiza, au sinthipopu, ni peremende ya masikio tu, na kwamba giza lina muziki wake. Makala haya yanachukua upande wa pili. Sinthipopu ya kuchangamsha inaweza kuwa na giza, na nyimbo zake bora zina giza zito kuliko nyingi zinazojitangaza kwa nguo nyeusi na sauti za kaburini.

Hoja ya wanaokataa

Wanaokataa hawasemi ovyo. Wana elimu ya muziki nyuma yao. Tangu miaka ya 1930, wakati mwanasaikolojia Kate Hevner alipofanya majaribio yake huko Marekani, utafiti baada ya utafiti umeonyesha kwamba masikio ya wasikilizaji wa Magharibi husoma hisia za muziki kwa alama mbili kubwa: kasi na skeli. Muziki wa kasi wenye skeli ya meja husikika kuwa wa furaha. Muziki wa polepole wenye skeli ya maina husikika kuwa wa huzuni. Ukifuata kipimo hicho, "Enola Gay" ni wimbo wa furaha tupu: una kasi, uko kwenye meja, na mfuatano wake wa kordi ni uleule uliobeba nyimbo nyingi za mapenzi za vijana wa Kimarekani katika miaka ya 1950.

Kipindi hichohicho kulikuwa na wanamuziki wa Uingereza waliolitafuta giza kwa makusudi. Mwaka 1979 bendi ya Bauhaus ilitoa wimbo wa zaidi ya dakika tisa kuhusu Bela Lugosi, mwigizaji aliyejulikana kwa filamu ya Dracula. Joy Division wa Manchester walikuwa na besi nzito, sauti ya chini na mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza. Huko mtu haulizi kama kuna giza. Ameshaambiwa mlangoni.

Lakini hilo ndilo linalonifanya nisikubaliane nao. Kipimo cha kasi na skeli kinapima jinsi muziki unavyosikika. Hakipimi unachomfanyia mtu aliyeusikiliza hadi mwisho akaelewa. Mwaka 2012 watafiti Glenn Schellenberg wa Toronto na Christian von Scheve wa Berlin walichapisha uchunguzi wao wa zaidi ya nyimbo 1,000 zilizoingia kwenye orodha ya nyimbo 40 bora za Marekani kati ya 1965 na 2009. Waligundua kwamba kadiri miaka ilivyopita, nyimbo zilizidi kutumia skeli ya maina, na alama zilizidi kuchanganyika: alama moja inasema furaha, nyingine inasema huzuni, ndani ya wimbo huohuo. Maana yake ni kwamba wasikilizaji wa kawaida, wanaonunua muziki kwa pesa zao, wamejifunza kupenda wimbo unaosema mambo mawili kwa pamoja.

Wimbo mmoja, kasi mbili

Ushahidi mzuri kuliko wote uko kwenye wimbo mmoja uliorekodiwa mara mbili. "Mad World" ni wimbo wa Tears for Fears, bendi ya vijana wawili wa Bath, kusini magharibi mwa Uingereza. Roland Orzabal aliuandika akiwa na umri wa miaka 19, akiishi juu ya mgahawa wa piza, akitazama kupitia dirishani jinsi watu wa mjini walivyokwenda na kurudi katika shughuli zao. Yeye na mwenzake Curt Smith walikuwa wamezama katika maandishi ya Arthur Janov, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeamini kwamba maumivu ya utotoni yasipoliliwa humfuata mtu ukubwani. Jina lenyewe la bendi limetoka kwenye mawazo yake. Wimbo unasimulia nyuso zilizochoka, mtoto asiyetambuliwa na mwalimu wake shuleni, na msemaji anayekiri kwamba ndoto nzuri kuliko zote alizowahi kuota ni zile ambazo ndani yake anakufa.

Mwaka 1982 wimbo huo ulifika nafasi ya tatu Uingereza, ukiwa na mdundo wa haraka, kinanda kinachorukaruka na sauti ya Smith isiyotikisika. Kwenye video yake, Smith amesimama ndani akitazama nje kupitia dirisha, uso umekufa ganzi, na huko nje Orzabal anacheza peke yake kando ya maji, mikono ikienda kwa mtindo ambao hakuna mtu mwingine anayeucheza. Miaka ilipita. Gary Jules na Michael Andrews wakaurekodi upya kwa ajili ya filamu ya *Donnie Darko* ya mwaka 2001: piano, sauti ya kunong'ona, mwendo wa konokono. Rekodi hiyo ndiyo iliyoshika namba moja Uingereza Krismasi ya mwaka 2003.

Maneno ni yaleyale. Ukimwuliza mtu yeyote ni rekodi ipi yenye giza, atakuambia ile ya piano. Mimi nasema ile ya piano ina huzuni zaidi, na ile ya sinthesaiza ndiyo yenye giza zaidi. Rekodi ya polepole inamsimamisha kila mtu. Inatangaza kwamba mtoto huyu anateseka, inatuomba tunyamaze, tukae naye, tumlilie. Kumlilia mtu ni faraja tayari, kwa sababu kuna waliomwona. Katika rekodi ya kwanza hakuna anayesimama. Kengele ya shule inalia, mabasi yanakwenda, watu wanawahi kazini, mdundo unakwenda kwa kasi ya mji mzima, naye mtoto anakimbizwa pamoja nao huku akieleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba angependelea kufa. Dunia isiyopunguza mwendo kwa ajili ya mtu anayeumia ndiyo habari yenyewe ya wimbo. Ukipunguza kasi, umeiondoa dunia ukambakiza mtoto.

Mashine haina msiba

Hapa tunafika kwenye chombo chenyewe. Mpiga ngoma ni mtu. Akimsikia mwimbaji anakatika sauti, mkono wake unalegea bila yeye kujua, fimbo zinashuka taratibu, na bendi nzima inapumua pamoja na mwenye uchungu. Mashine ya ngoma ikishawekewa mapigo 130 kwa dakika itapiga 130 hadi izimwe. Haijui kama aliye mbele ya maikrofoni ameoa leo au amezika leo.

Hakuna waliolijua hili kuliko New Order. Tarehe 18 Mei 1980 Ian Curtis, mwimbaji wa Joy Division, alijiua nyumbani kwake Macclesfield akiwa na umri wa miaka 23, siku moja tu kabla ya bendi kupanda ndege kwenda kupiga muziki Marekani. Waliobaki, Bernard Sumner, Peter Hook na Stephen Morris, waliendelea kwa jina jipya na kumwongeza Gillian Gilbert kwenye kinanda. Machi 1983 wakatoa "Blue Monday", wimbo wa zaidi ya dakika saba uliokuja kuwa singo ya inchi 12 iliyouzwa kuliko zote katika historia.

Usikilize kwa makini mwanzo wake. Ngoma ya mashine inagonga peke yake, haraka na kwa nguvu, kama mtu anayebisha mlango usiku. Besi inafuata, kisha melodi ya sikwensa inaingia polepole kutoka mbali. Gilbert alipokuwa akiingiza melodi hiyo, noti baada ya noti, aliiacha moja. Kwa hiyo melodi haikai sawasawa na mdundo, inaserereka kando yake wimbo mzima, nao wakaiacha ilivyo. Sumner anapoanza kuimba, kwa sauti kavu isiyopanda wala kushuka, anamuuliza mtu aliyemtendea vibaya jinsi anavyopaswa kujisikia. Hakuna kilio. Kuna swali la mtu aliyepoteza hata namna ya kulia, na chini yake kuna mashine isiyomngoja. Wachezaji wa disko kutoka Manchester hadi New York waliucheza hadi alfajiri, na haki yao. Lakini huo si muziki wa furaha.

Vinanda vya mkopo na miaka ya hofu

Giza hili lilikuwa na mahali pake na wakati wake. Sinthesaiza ilikuwa mali ya matajiri hadi katikati ya miaka ya 1970, kabla ya viwanda vya Japani kuanza kutoa vinanda vya bei ambayo kijana wa kawaida angeimudu. Kinanda cha Korg Micro-Preset walichotumia OMD katika siku zao za mwanzo kilinunuliwa kupitia katalogi ya mama wa mmoja wao, kwa malipo madogo ya kila wiki. Hawa walikuwa vijana wa Merseyside. Human League walitoka Sheffield, mji wa viwanda vya chuma. Depeche Mode walitoka Basildon, mji uliojengwa baada ya vita kuwapokea watu waliohama London. Januari 1982 wasio na kazi Uingereza walivuka milioni tatu, na miji ya viwanda ndiyo iliyoumia zaidi.

Juu ya shida hiyo kulikuwa na hofu ya nyuklia. Mwaka 1980 serikali ya Uingereza iliwauzia wananchi kijitabu kiitwacho *Protect and Survive*, kilichowaelekeza jinsi ya kujijengea kibanda cha kujificha ndani ya nyumba yao kwa milango na magodoro, na nini cha kufanya iwapo mmoja wa familia angefia humo. Mwaka 1984 bendi ya Frankie Goes to Hollywood ya Liverpool ilimwita Patrick Allen, mwigizaji aliyesoma maelezo ya filamu za kampeni hiyo, arekodi maneno ya namna ileile kwa ajili ya wimbo wao "Two Tribes". Ukakaa namba moja kwa wiki tisa. Kiangazi kizima taifa lilicheza disko likiwa na sauti iliyokusudiwa kulielekeza jinsi ya kufa.

Hofu ilikuwa kubwa zaidi Ujerumani, nchi iliyokatwa katikati, ambako makombora ya Pershing II ya Marekani yalianza kuwekwa mwishoni mwa mwaka 1983. Mwaka huohuo bendi ya Nena ya Berlin Magharibi ilitamba na "99 Luftballons". Mpiga gitaa wao, Carlo Karges, alikuwa kwenye tamasha la Rolling Stones mjini humo, akaona maputo yakiachiwa yapae, akajiuliza ingekuwaje yangevuka ukuta yakaonekana kwenye rada za upande wa pili. Wimbo unajibu: jenerali mmoja anarusha ndege za kivita, mawaziri wanaingiwa na tamaa ya madaraka, vita vinapiganwa miaka 99, na mwisho hakuna mshindi wala kilichosalia. Yote kwa sababu ya maputo ya watoto. Melodi yake inarukaruka, na duniani kote watu wasiojua Kijerumani waliudhania wimbo wa sherehe ya kuzaliwa. Septemba mwaka huohuo, afisa wa Kisovieti Stanislav Petrov aliona mitambo yake ikionyesha makombora ya Marekani yakija, akaamua kwamba ni kosa la mitambo. Alikuwa sahihi. Nena hawakujua habari hiyo, wala dunia haikuijua hadi miaka mingi baadaye, lakini walikuwa wamekwisha kuieleza.

Ultravox nao mwaka 1984 waliimba juu ya watu wanaocheza kwa mara ya mwisho. Video yao inaonyesha mwanamume akikimbiza gari kwenda kwa mkewe wakati kituo cha umeme wa nyuklia kikielekea kulipuka. Chernobyl ililipuka miaka miwili baadaye, tarehe 26 Aprili 1986. Mwaka huohuo wa 1984, Bronski Beat walitoa "Smalltown Boy", wimbo wa kasi kuhusu kijana anayeondoka kwao na sanduku moja kwa sababu mji umempiga na kumtenga kwa kupenda wanaume wenzake. Mwimbaji wao, Jimmy Somerville, anapandisha sauti hadi juu kabisa, na mdundo unasukuma kama treni iliyombeba. Ni vigumu kuutaja wimbo mwingine wa kucheza wenye upweke mkubwa kuliko huo.

Wimbo wa mapenzi usio wa mapenzi

Giza halihitaji bomu. "Don't You Want Me" wa Human League ulikuwa namba moja Uingereza Krismasi ya mwaka 1981, ukauza zaidi ya nakala milioni moja humo nchini, na mwaka uliofuata ukashika namba moja Marekani. Unapigwa harusini. Wanandoa wanauimba kwa kupokezana, mume ubeti wake, mke ubeti wake.

Lakini sikiliza anachosema mwanamume. Anamkumbusha binti kwamba alimkuta akiwa mhudumu wa baa, kwamba yeye ndiye aliyemwokota, akamtengeneza, akamfikisha alipo. Kisha anamwambia kuwa aliyempandisha anaweza kumshusha. Hayo si maneno ya mpenzi aliyeachwa. Ni vitisho vya mtu mwenye mamlaka anayeona mamlaka yakimponyoka. Binti, kwa sauti ya Susan Ann Sulley, anajibu kwa utulivu kwamba hata bila yeye angefika, na sasa ameamua kuishi maisha yake. Philip Oakey, aliyeuimba upande wa mwanamume, amekuwa akieleza miaka yote kwamba huu ni wimbo wa kuwania nguvu kati ya mwanamume na mwanamke, tena wimbo mbaya wa aina hiyo. Hakutaka utolewe kama singo, akausukuma hadi mwisho wa albamu.

Kuna jambo dogo hapa linalostahili kuangaliwa. Kiitikio ni cha upande wa mwanamume, nacho ndicho kitamu kuliko sehemu zote za wimbo. Ndicho kila mtu anachokishika. Kwa hiyo ukumbi mzima, wanawake kwa wanaume, unainua mikono na kumwimbia binti yule kauli ya mtu anayemtisha. Wimbo wa polepole usingeweza kutufanyia hivyo. Ungetuonya mapema, tungejitenga, tungemhukumu mwanamume tukiwa tumekaa. Utamu wa kinanda umetupanga upande wake kabla akili haijauliza swali.

Remmy na tofauti yake

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kusema: mbona hili tunalijua zamani? Remmy Ongala na Super Matimila waliimba "Kifo" na watu wakacheza. Waliimba "Mambo kwa Soksi" wakati Ukimwi ukiteketeza watu, na watu wakacheza. Muziki wetu wa dansi umebeba mayatima, wajane na waliofilisika huku magitaa yakichangamka.

Ni kweli, na mfano huo unasaidia kuonyesha mpaka wa hoja yangu. Dansi la Remmy lina kifo lakini halina giza ninalolizungumzia. Magitaa yanasemezana. Waitikiaji wanamjibu mwimbaji. Mpiga ngoma anamsikia. Remmy anakiita kifo kwa jina mbele ya umati, na umati unamjibu, kwa hiyo uchungu unagawanywa kama unavyogawanywa matangani, ambako watu hulia, hula, huzungumza na hata kucheka. Kasi ya muziki ule ni kasi ya watu walio pamoja. Kasi ya "Blue Monday" ni ya mtu aliye peke yake ndani ya kitu kisichomsikia. Habari ya huzuni iliyowekwa kwenye mdundo wa furaha haitoshi kuleta giza. Kinachotazamwa ni kama mdundo unamsindikiza mwenye uchungu au unampita.

Kwa kipimo hichohicho, nyimbo nyingi za sinthipopu hazina giza hata kidogo, na hakuna aibu ndani yake. "Just Can't Get Enough" ya Depeche Mode, iliyoandikwa na Vince Clarke mwaka 1981, ni furaha ya ujana kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho. Clarke alipoondoka, Martin Gore akashika kalamu, na bendi ileile kwa vinanda vya aina ileile ikaingia kwenye tamaa, dhambi na kifo. Chombo kinafungua mlango tu. Mwandishi ndiye anayeamua kuingia.

Giza lisilosikika bado ni giza?

Hoja ngumu kuliko zote dhidi yangu ni hii: kama wachezaji hawasikilizi maneno, giza liko wapi? Wimbo unaofanya kazi ya furaha ukumbini, basi ni wa furaha.

Tarehe 18 Juni 1988 Depeche Mode walipiga mbele ya watu zaidi ya 60,000 katika uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, California. Mtengenezaji filamu D. A. Pennebaker alikuwapo na kamera zake, na filamu yake, *101*, inaonyesha wakifunga tamasha kwa "Everything Counts", wimbo wa mwaka 1983 kuhusu makampuni na mikono inayonyakua kila inachoweza. Muziki ulipokoma, uwanja mzima ukaendelea kuimba kiitikio, bila ala, mikono ikipepea. Filamu hiyohiyo inaonyesha wafanyakazi wa bendi nyuma ya jukwaa wakihesabu pesa za usiku ule.

Waliokuwa uwanjani hawakuwa wajinga. Walijua maneno yote, waliyaimba vizuri, na walikuwa wamelipa kiingilio. Wimbo haukuwahitaji waache kucheza ili uwe kweli, uliwahitaji wacheze. Ndiyo maana sikubali kwamba furaha ya ukumbini inalifuta giza. Inalikamilisha. Tunaishi hivyo kila siku: tunajua yanayotendeka mahali fulani, tunajua mawe yametoka wapi na yanakwenda kufanya nini, na bado tunaendelea na mdundo kwa kuwa ni mtamu na kila mtu anaucheza. Muziki wa maombolezo hauwezi kutuonyesha hilo, kwa sababu humo sote tumekuwa watu wema kwa dakika tano.

Na muziki huu haujazeeka. "Blinding Lights" wa The Weeknd, ambaye jina lake ni Abel Tesfaye, mwana wa wahamiaji wa Ethiopia aliyezaliwa Toronto, ulitoka Novemba 2019 ukiwa umejengwa kwa sinthesaiza za miaka ya 1980 na kasi ya mtu anayekimbia. Mwaka 2021 jarida la Billboard liliutangaza kuwa wimbo uliofanya vizuri kuliko yote katika historia ya chati yake ya Hot 100. Watoto waliucheza kwenye simu zao duniani kote, Nairobi na Dar es Salaam zikiwamo. Tesfaye mwenyewe amesema unahusu mtu aliyelewa, anayeendesha gari usiku kumfuata anayemtaka, macho yakiwa yamepofushwa na taa za barabarani. Alieleza kwamba hakutaka kuhimiza ulevi barabarani, ila hilo ndilo giza lililo chini yake.

Kwa hiyo nina ombi kwa madijei na watangazaji wetu wa redio wanaopenda kutupigia nyimbo za zamani mwishoni mwa wiki. Msiziache, wala msiziombee radhi. Kabla ya kuuachia wimbo, tupeni sentensi mbili: unahusu nini, na uliimbwa wakati gani. Mwambieni msikilizaji wa Likasi, wa Lubumbashi, wa Kigoma, kwamba ndege inayoimbwa na OMD ilibeba mzigo ambao urani yake kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye udongo wa Katanga. Kisha ongezeni sauti. Atakayeinuka kucheza atainuka akijua anachokichezea, na hapo wimbo utakuwa umefanya kazi yote aliyoikusudia aliyeuandika.